Kaluki Aliyeogopa Kufumba Macho

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, Kaluki alitoka chumbani mwao akiwa na mswaki mdomoni na kiganja cha kushoto kimegusa ukuta. Ploti yao ya kupanga, mtaani Kamenu, ilikuwa na vyumba vilivyopangwa pande mbili, na bomba lilikuwa mwisho kabisa karibu na lango. Zamani angekimbia hadi bombani, ndoo ikimgonga gotini, awatangulie watoto wote wa ploti. Siku hizi aliandamana na ukuta kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Ukuta ulipokatika penye mlango wa jirani, alisita, akavuta pumzi, kisha akavuka pengo lile kwa haraka.

"Kaluki, umeanza kuhesabu matofali?" Mama Jackie, jirani yao, alimuuliza huku akiosha sufuria.

"Hapana, mama. Natembea tu."

Shida ilianza likizo ya Aprili. Homa ilimshika ghafla, shingo ikakakamaa, mwanga ukawa unamchoma macho, naye akaanza kuweweseka. Baba yake, Muli, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Eneo la Viwanda, alimbeba mgongoni hadi barabarani akipiga kelele apate gari. Madaktari walisema ni homa ya uti wa mgongo. Kaluki alilazwa muda mrefu, na siku ya kutoka daktari aliwaambia wazazi washukuru, kwa maana si kila mtoto hutoka wodini akiwa hai. Mama yake, Beth, alitoa ushuhuda kanisani na watu wakapiga makofi. Kila mtu alijua kwamba Kaluki amepona. Ni Kaluki peke yake aliyejua kwamba ardhi haikuwa imetulia tangu siku ile.

Rafiki yake Ngendo alimngoja langoni kama kawaida.

"Sasa, Kaluki."

"Poa."

"Shika begi langu. Hapa mbele kuna mawe."

Walitembea hivyo hadi shuleni, Kaluki akishikilia mkanda wa begi la Ngendo. Walipoingia uwanjani, mvulana mmoja wa darasa lao aliyeitwa Maina alianza kupepesuka huku na huku, mikono ikining'inia.

"Mlevi amefika!" akasema, na wenzake wakacheka.

Hayo Kaluki aliweza kuyavumilia. Alichokiogopa hasa kilikuja gwaridani. Siku ya kwanza ya muhula, mwalimu wa zamu alipowaambia wafumbe macho waombe, Kaluki alifumba. Mara tu kope zilipokutana, hakujua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Angeanguka kifudifudi mbele ya shule nzima kama Ngendo hangemdaka.

Labda angemwambia mama yake siku hiyohiyo. Lakini jioni, akiwa nyuma ya pazia akibadilisha sare, alimsikia Mama Jackie akizungumza na Beth huku wakichambua sukuma wiki. Alikuwa akisimulia habari za msichana mmoja aliyekuwa akianguka kila anapoombewa.

"Mtoto akianguka wakati wa maombi, Mama Kaluki, ujue kuna kitu ndani yake kisichotaka kusikia jina la Mungu," Mama Jackie alisema. "Yule walimpeleka nyumba ya maombi. Yuko huko mpaka leo. Shule ilikwisha."

Kaluki aliketi kitandani taratibu, sketi ikiwa mkononi. Tangu jioni hiyo aliomba macho yakiwa wazi.

Haikuchukua muda kabla msichana mmoja, Becky, kumshtaki darasani. "Mwalimu, Kaluki hafumbi macho tukiomba."

"Na wewe ulimwonaje, Becky, kama yako yalikuwa yamefumbwa?" Mwalimu Kagwe aliuliza. Darasa likaangua kicheko. Hata hivyo mwalimu alimtazama Kaluki kwa muda, kisha akamwita kando wakati wa mapumziko. "Una shida yoyote?"

Maneno yalimjaa Kaluki mdomoni. Akaiona akilini ile nyumba ya maombi asiyoijua, akaiona sare yake imetundikwa ukutani bila mtu wa kuivaa.

"Hapana, mwalimu," akajibu.

Jumapili moja ya mwezi wa Juni, mchungaji aliwaomba waumini wote wasimame. Beth aligeuka, akamwona binti yake akiukazia macho msalaba ulio mbele.

"Fumba macho, mwanangu," akanong'ona.

"Mama, naomba hivihivi."

"Fumba. Unanitia aibu."

Kaluki alishika mgongo wa benchi la mbele kwa mikono yote miwili, akafumba. Kwa kushikilia vile aliweza. Kisha mchungaji akasema, "Tuinue mikono yetu," na Beth, kwa nia njema kabisa, akauchukua mkono wa binti yake akauinua juu. Kaluki aliliangukia benchi kifudifudi. Nyusi ikapasuka.

Alipofumbua macho, wanawake walikuwa wamemzunguka. Mikono mingi ilikuwa kichwani pake, ikimtikisa kwa nguvu. "Toka!" walipaza sauti. "Toka!" Kila walipomtikisa, dunia ilizidi kuzunguka, taa zikawa mistari, nyuso zikachanganyika. Alitapika kwenye gauni lake la Jumapili.

"Mnaona? Kinatoka!" mmoja wao alisema.

"Niacheni!" Kaluki alilia. "Niacheni, tafadhali!"

Lakini kulia kwake waliona ni dalili, wakazidi kuomba. Kupitia mikono yao alimwona mama yake amepiga magoti kando, kitambaa kikiwa mdomoni, akilia bila sauti. Hilo ndilo lililomuumiza Kaluki kuliko jeraha.

Muli aliporudi kutoka zamu alikuta uso wa binti yake umevimba.

"Mtoto wangu hana pepo," akasema.

"Basi ana nini?" Beth akamjibu. "Niambie wewe. Hospitali walisema amepona. Shuleni wanasema ni mvivu, hataki hata kucheza. Mimi nimlaze, nimwamshe, nimwone akishika kuta kama kipofu. Nimechoka, Baba Kaluki. Jumamosi nampeleka nyumba ya maombi, akae mpaka afunguliwe."

Muli aliketi na kiatu kimoja mkononi, akakitazama kana kwamba jibu limo humo. Kaluki alielewa kwamba hata baba hakuwa na njia. Alikwenda nyuma ya pazia, akalala chali na kuyatazama mabati. "Mungu," akaomba, macho wazi, "kama kuna kitu ndani yangu, kitoe. Kama hakuna, waambie."

Siku zilizofuata alikwenda shule kama mtu anayeaga. Ngendo alimuuliza kuna nini, asijibu. Alikunja sare zake, akazipanga vizuri sandukuni, akijua kwamba huenda mtu mwingine ndiye atakayezivaa.

Alhamisi jioni Beth aliondoka kwenda kununua unga, akamwachia Kaluki mdogo wake Mbuvi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Mtoto alikuwa akicheza katikati ya ua. Giza lilikuwa linaingia, na Kaluki alikuwa akimwita waingie ndani, ndipo stima ikapotea. Ploti nzima ikawa nyeusi. Mbuvi akaanza kulia.

Kaluki alimwendea akifuata sauti. Akampata, akamwinua kifuani. Kisha akatambua kwamba amesimama katikati ya ua, mikono imejaa, na hakuna ukuta. Hakuona kitu. Miguu ilikanyaga, lakini ilikanyaga nini? Alihisi anaelea. Alipiga hatua moja kuelekea alikodhani ni nyumbani, na ardhi ikaondoka. Waliangukia ndani ya mtaro wa saruji, mtoto chini, yeye juu.

Kilio cha Mbuvi kilikuwa cha namna ambayo hakuwahi kuisikia.

Muli alikuwa anaingia langoni. Alikuja mbio na tochi ya simu, akamwinua mtoto. Mkono mmoja ulikuwa umelegea, hautaki kuguswa. Kaluki alibaki ameketi kwenye maji machafu.

"Nimemuua?" aliuliza. "Baba, nimemuua mtoto?"

"Hajafa. Ni bega. Inuka utoke humo." Muli alimkabidhi Mama Jackie mtoto, kisha akachuchumaa kando ya mtaro. "Ulijikwaa?"

Kaluki angesema ndiyo. Lilikuwa jibu rahisi. Lakini alimsikia Mbuvi akilia, na uongo ukamshinda.

"Sikujikwaa. Baba, nikiona, nasimama. Nikifumba macho, sijui niko wapi. Giza likiingia, ni vilevile. Ndiyo maana naomba macho wazi. Si kwamba sitaki kuomba. Naogopa kuanguka mseme nina pepo."

Muli akamtoa mtaroni, akaiacha tochi ikiwaka ukingoni, akamsimamisha, akaweka mikono yake pande zote mbili bila kumgusa. "Fumba," akasema. Kaluki alifumba, akalalia mkono wa baba kama mti uliokatwa. "Fumbua." Akasimama. "Fumba tena." Akaanguka upande wa pili. Beth alikuwa amefika na mfuko wa unga, akasimama palepale akitazama.

"Umeona, Mama Kaluki?" Muli aliuliza. "Ni pepo gani huyu anayengoja mtu afumbe macho?"

Beth aliweka unga chini, akamkumbatia binti yake na matope yake yote.

Walimpeleka Mbuvi hospitalini, mfupa wa bega ukaonekana umevunjika, akafungwa. Muli hakuondoka pale kabla ya kumweleza daktari habari za Kaluki: ile homa ya Aprili, kuta, macho. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia waende Ruiru kumwona fizio wa watoto, mtaalamu wa kuufundisha mwili kwa mazoezi. Jumamosi, badala ya nyumba ya maombi, walikwenda Ruiru.

Fizio aliitwa Dianah. Chumba chake kilikuwa na magodoro, mipira na mstari mrefu uliopakwa rangi sakafuni. Aliwasalimu wazazi, lakini maswali yake yote alimuuliza Kaluki.

"Wewe mwenyewe unasikiaje ukitembea?"

Kaluki alimtazama mama yake, kisha Dianah. Tangu Aprili watu wengi walikuwa wamezungumza juu ya mwili wake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo.

"Kama nimesimama juu ya godoro lililojaa maji," akasema.

Dianah alitikisa kichwa kwa kuelewa. Alimfanyia vipimo, akamgeuza kichwa, akamtazama macho, akamsimamisha huku na kule. Mwishowe alivuta kiti, akaketi karibu nao.

"Mtu husimama kwa sababu ubongo wake unapewa habari na sehemu tatu," alieleza. "Macho yanauambia, 'Ukuta uko pale.' Miguu inauambia, 'Sakafu iko hapa.' Na ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kidogo kinachouambia, 'Kichwa kimeinama.' Ile homa imekiharibu kiungo hicho katika masikio yote mawili. Kaluki anasimama kwa macho. Ukimwondolea macho, ubongo unabaki gizani."

"Kwa hivyo utampa dawa gani?" Beth akauliza.

"Hakuna dawa, mama."

"Hata sindano?"

"Hata sindano. Kilichoharibika hakitarudi."

Kaluki alihisi machozi yakimlenga. Alikuwa ameepuka pepo, kumbe kilichomngoja ni hiki, jambo lisilorudi.

"Sijamaliza," Dianah akasema. "Ubongo wa mtoto unajifunza. Unaweza kufundishwa kuisikiliza miguu zaidi, na kutumia kidogo kilichobaki. Lakini haufundishwi kwa maneno. Unafundishwa kwa mazoezi, kila siku, na si mazoezi matamu. Utasikia kichefuchefu, Kaluki. Utayumba. Ni lazima uyumbe, maana usipoyumba ubongo haujifunzi kitu."

Alimwonyesha. Asimame kwenye kona ya chumba, kuta nyuma yake na kiti mbele ili asiumie, miguu pamoja, kisha afumbe macho. Akiweza, asimame juu ya blanketi lililokunjwa. Atazame kidole gumba chake huku akigeuza kichwa kushoto na kulia. Atembee juu ya mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine.

Nyumbani, Kaluki alianza kwa bidii. Siku ya kwanza alitapika. Siku ya pili alianguka akagonga kiti. Alipojaribu kutembea kwenye mstari uani, watoto walikusanyika, na Maina, aliyekuwa amekuja kumtembelea binamu yake mle plotini, akashangilia, "Mlevi anafanya mazoezi ya kulewa!" Kaluki aliingia ndani akafunga mlango.

Hakutoka tena. Muli alikuwa zamu ya usiku akilala mchana, Beth alikuwa sokoni akiuza mboga. Jioni mama aliuliza, "Umefanya yale ya Dianah?" naye akajibu, "Nimefanya." Mara ya kwanza jibu hilo lilimchoma. Baadaye lilitoka lenyewe kama salamu. Moyoni alijiambia kwamba kitu kilichoharibika kimeharibika, na mazoezi ni ya kuwafurahisha wazazi tu. Wakati huohuo alizidi kuwa mwoga. Aliacha kwenda bombani giza likiwapo. Aliacha kumbeba Mbuvi, hata mtoto aliponyoosha ule mkono mzima akimlilia.

Waliporudi Ruiru, Dianah alimsimamisha kwenye kona, akamwambia afumbe. Kaluki aliangukia ukuta papo hapo. Dianah akajaribu tena, akiwa amekunja uso.

"Unafanya mazoezi?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku," Kaluki akasema, akitazama sakafu.

Dianah aliwageukia wazazi, na sauti yake ikabadilika. "Sipendi ninachokiona. Mtoto anayefanya mazoezi haya kila siku huanza kuonyesha mabadiliko kidogo, hata kama ni madogo sana. Kama hakuna kabisa, basi huenda tatizo si sikio tu. Huenda ule ugonjwa umeacha kitu kichwani. Itabidi apigwe picha ya ubongo, na haraka."

Beth alisimama, akaegemea ukuta, akashuka. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu aliyejizuia tangu Aprili. "Ubongo tena," alirudiarudia. "Mungu wangu, ubongo tena." Muli alimwinamia, akamshika mabega.

Kaluki aliwatazama. Alihisi kama yuko tena mtaroni, na safari hii amemwangukia mama.

"Mama, usilie!" alipaza sauti. "Sifanyi! Nilifanya siku mbili tu, nikaacha. Nimekuwa nikiwadanganya. Ubongo wangu hauna kitu. Ni mimi. Ni mimi tu."

Alingoja kupigwa. Alingoja baba aseme kwamba mtoto huyu amewapotezea muda. Muli alimtazama kwa uchungu mwingi, lakini aliyezungumza alikuwa Dianah, akishusha pumzi.

"Leo umenipa habari njema, msichana," akasema. "Kama ulikuwa unafanya, nilikuwa nimeishiwa na njia. Kama hukufanya, basi bado hatujajaribu." Alichuchumaa mbele yake. "Lakini unaelewa ulichokaribia kufanya? Mimi sioni ndani yako. Naona kile unachoniambia. Ukinidanganya, nitatibu mtoto mwingine ambaye hayupo, na wewe utabaki bila tiba."

Kaluki aliitikia kwa kichwa, makamasi yakimtiririka.

"Kwa nini uliacha?"

"Nilikuwa natapika. Na watoto walinicheka. Na nilikuwa peke yangu."

Dianah aliwatazama wazazi. "Hilo la mwisho ni letu sisi watu wazima. Nilimpa mtoto kazi ya watu watatu."

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika, ingawa si kwa haraka. Muli alipotoka zamu ya usiku hakuenda kulala moja kwa moja. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa mbele ya kona, macho mekundu kwa usingizi, akinyoosha mikono huku Kaluki amefumba macho. Jioni ilikuwa zamu ya Beth. Mlango ulifungwa, mazoezi yakafanywa kabla ya chakula ili tumbo lisisumbue. Ngendo alichora mstari wa chaki sakafuni na kutembea juu yake mbele ya Kaluki, mara nyingine akianguka kwa makusudi ili wacheke wote. Mama Jackie alichungulia siku moja, akaona mtoto amesimama anatetemeka huku jasho likimtoka. Baadaye alirudi na kipande cha godoro kuukuu. "Nimesikia mnasimamia kitu laini," akasema, akakiweka chini na kuondoka haraka.

Wiki zilipita bila kitu. Kaluki aliyumba, akashika ukuta, akayumba tena. Kisha akashikwa na mafua makali, na alipopona hata yale machache aliyokuwa ameyaweza yalikuwa yamepotea. Aliketi kwenye kona, akakunja magoti.

"Sitaki tena, baba. Huu mwili umekataa."

"Lia," Muli akasema. "Una haki ya kulia. Ukimaliza tutasimama."

Akalia. Muli akangoja, akisinzia kitini. Alipomaliza, wakasimama.

Mabadiliko yalikuja kwa siri, kama nywele zinavyokua. Asubuhi moja Beth alimwona amesimama akichana nywele huku akizungumza na Mbuvi, hajashika popote, wala yeye mwenyewe hajui kwamba hajashika. Beth alijizuia asiseme kitu, akaingia ndani akakaa kitandani. Ruiru nako, Dianah alimsimamisha juu ya godoro macho yakiwa yamefumbwa, akaondoka karibu naye polepole, hatua kwa hatua, na Kaluki akabaki amesimama, magoti yakitetemeka, kama mtu aliye ndani ya mto.

Likizo ya Desemba ilipofika walikwenda kijijini Ngoliba kwa Syokau, mama yake Muli, ambaye Kaluki alimwita susu. Mvua zilikuwa zimenyesha na majani yalikuwa mabichi hata kule kwenye nchi kavu. Alasiri moja mbuzi wa susu walivuka kijito, wakaingia shambani mwa watu. Susu alipiga kelele, na kabla mtu mwingine hajainuka, Kaluki alikuwa ameshika fimbo anawakimbilia.

"Kaluki!" Beth aliita. Muli alimshika mkono.

Kijito kilikuwa na maji machache na mawe mengi, mengine yakiwa na utelezi. Kaluki alikanyaga la kwanza, la pili. La tatu likapinduka chini ya mguu wake. Mwili ulikwenda upande, mikono ikapaa, fimbo ikaanguka majini. Beth aliziba macho. Lakini kabla Kaluki mwenyewe hajafikiri chochote, mguu wa pili ulikuwa umeshakanyaga mahali pengine, goti limekunjika, kiuno kimerudi. Alibaki amesimama ndani ya maji, akihema.

Alijikwaa, na hakuanguka.

Aligeuka kuwatazama wazazi wake, macho yamemtoka, halafu akaanza kucheka, huku mbuzi wakiendelea kula mahindi ya watu.

Baada ya mbuzi kurudishwa na susu kuomba radhi kwa mwenye shamba, Beth aliketi na binti yake kwenye jiwe ili akaushe viatu. Alikipangusa kile kikovu cha nyusi kwa kidole.

"Kuna jambo sijawahi kukuambia," akasema. "Miezi ile yote nilikuwa nakuombea bila kukuuliza. Kuomba si kosa, hata leo naomba. Lakini nilipaswa kwanza kukuuliza, 'Mwanangu, unasikiaje?' Nisamehe kwa hilo."

"Hata mimi nilinyamaza, mama. Mwalimu Kagwe aliniuliza, nikakataa."

"Ulinyamaza kwa sababu ya hofu. Naielewa. Lakini ona hofu hiyo ilitufikisha wapi. Mbuvi alivunjika, mimi nikakaribia kukutoa shuleni. Mwili wako ukikuambia kuna kitu hakiko sawa, sema. Sema kwa mama, kwa mwalimu, kwa daktari, hata kama unaogopa tutakachofikiri. Mmoja akikosa kukuelewa, mwambie mwingine. Na ukipewa kazi ya kujitibu, ifanye hata siku ambayo huoni faida yake, maana siku zile ambazo hukuona kitu ndizo zilizokusimamisha leo pale majini."

"Bado giza linanisumbua," Kaluki akasema. "Dianah anasema huenda litanisumbua daima kidogo."

"Basi tutanunua tochi," Beth akajibu. "Na kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi mazoezi," Kaluki akasema, akavaa viatu vyake ambavyo bado vilikuwa na maji, akainuka.